Mdudu anakufa, mgonjwa ndo anaanza kuanguka: kinga ya mwili inavyofanya kazi ndani ya ubongo na uti wa mgongo

Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Mbeya mnaijua, ukungu umeifunika Loleza mpaka chini, mimi nimeshakabidhi zamu maabara natoka, nikamkuta mama mmoja wa Vwawa kwenye benchi la korido amejifunga vitenge viwili, mkononi kashika mfuko wa dawa. Nikamwamkia, akaitikia marahaba mwanangu, halafu akafungua ule mfuko akaanza kupanga paketi za vidonge juu ya paja lake, moja moja.

"Hii ya minyoo naielewa. Hii ya kifafa naielewa. Sasa hii," akanyanyua vile vidonge vidogo vyeupe vya prednisoloni, "jirani yangu kasema inashusha kinga. Mume wangu ana wadudu kichwani, nyie wenyewe mmetuambia na picha mmetuonyesha. Sasa mnashushaje kinga ya mtu mwenye wadudu kichwani? Si mnawafungulia mlango?"

Nilikaa naye karibu saa nzima. Na nimeamua kuandika kwa sababu swali lile nimekuja kulisikia tena na tena, kwa ndugu wa wagonjwa wa TB ya ubongo, kwa watu wa ARV, hata kwa kijana mmoja wa Tunduma aliyeamka asubuhi miguu haina nguvu, wote wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Na jirani wa yule mama hakudanganya, prednisoloni inashusha kinga kweli, tena ndo kazi yake. Kinachotakiwa kueleweka ni kwanini ndani ya fuvu la kichwa kinga yenyewe inaweza kuwa ndo inayomuumiza mtu.

Tuanzie shambani. Umeingiwa na mwiba kwenye kidole, hujautoa, kesho yake kidole kimekuwa chekundu, cha moto, kimevimba, kinagonga kama kina moyo wake. Hizo ndo dalili nne ambazo Mroma mmoja anaitwa Celsus aliziandika karibu miaka elfu mbili iliyopita na mpaka leo wanafunzi wa udaktari wanazikariri: wekundu, joto, uvimbe, maumivu. Kitaalamu inaitwa inflamesheni, mimi hapa nitasema uvimbe-moto ili tusihangaike. Kinachotokea ni kwamba mishipa midogo ya damu pale karibu na mwiba inatanuka na kuta zake zinalegea, maji ya damu yanavuja kwenda nje, na seli nyeupe, yaani askari wa mwili, zinajipenyeza kwenye ule ulegevu zinakwenda kwenye tukio. Zikifika zinamwaga sumu zao, zinameza wadudu, zinapiga kelele ya kikemikali kuwaita wenzao. Ule usaha mweupe unaoutoa ukikamua ni maiti za hao askari wenyewe kwa sehemu kubwa.

Kwenye kidole hiyo ni sawa tu, ngozi inatanuka, unaumwa siku tatu nne, inaisha.

Sasa chukua ule uvimbe wa kidole upeleke ndani ya fuvu. Fuvu ni mfupa, halitanuki. Ndani yake kuna ubongo wa kama kilo moja na robo hadi moja na nusu, kuna damu, na kuna maji, yale tunayoyaita maji ya uti wa mgongo, ambayo kwa mtu mzima ni kama mililita 150 tu kwa wakati mmoja, hayafiki hata nusu ya chupa ya soda, ila mwili unatengeneza mengine karibu nusu lita kila siku na ya zamani yanafyonzwa yanarudi kwenye damu. Vitu vitatu vimebanana kwenye boksi la mfupa. Kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue, na nafasi ya kupungua ni ndogo sana. Ndo maana uvimbe ambao kwenye kidole ungekusumbua wikiendi, kwenye ubongo unakupa kichwa cha kupasuka, kutapika, kuona vitu viwili viwili, degedege, kupoteza fahamu, na ukizidi unabana pale chini panapoendesha pumzi.

Kwahiyo mwili umejipanga tofauti kabisa kwenye ubongo, na hapa ndo pazuri mno.

Kwanza kuna geti. Mishipa ya damu inayopita kwenye ubongo siyo kama ya sehemu nyingine, seli za kuta zake zimeshonwa zikabanana, na kwa nje zimezungukwa na miguu ya seli zingine za ubongo zinaitwa astrosaiti, kwahiyo vitu vingi vilivyoko kwenye damu havipiti hovyo. Mjerumani Paul Ehrlich aliligusa hili mwaka 1885 akichoma wanyama sindano za rangi, mwili mzima ukashika rangi, ubongo ukabaki mweupe. Mwanafunzi wake Edwin Goldmann akaja kuigeuza mwaka 1913, akaweka rangi moja kwa moja kwenye yale maji ya ubongo, safari hii ubongo ukashika rangi na mwili ukabaki. Geti hilo ndo linafanya dawa nyingi zikushinde kufikisha kwenye ubongo hata ukizimwaga kwenye mshipa, na ndo pia linazuia askari wa nje wasiingie kwa wingi kila siku.

Pili, ndani ya geti kuna walinzi wa kudumu. Hawa wanaitwa maikroglia. Mhispania mmoja, Pío del Río-Hortega, ndo aliyewatenga na kuwapa jina mwaka 1919 kwa kutumia rangi yenye madini ya fedha, kabla yake watu waliona vivuli tu kwenye darubini. Katika kila seli kumi za ubongo, kwa makadirio, moja inaweza kuwa maikroglia. Na asili yao siyo kama ya seli nyeupe nyingine zinazozalishwa kila siku kwenye uboho wa mifupa, hapana, hawa waliingia kwenye ubongo wakati wewe ni kijusi, mama yako pengine hata hajajua kama ana mimba, wakakaa humo, na wanajizalisha wenyewe humohumo maisha yako yote.

Zamani ilidhaniwa wamelala mpaka kutokee shida. Mwaka 2005 watafiti waliwaangalia kwenye ubongo wa panya aliye hai kwa darubini maalumu, kumbe hawalali hata kidogo, mwili wa seli umetulia ila mikono yake myembamba inatembea muda wote, inanyoosha, inapapasa, inarudi, kama mgambo anayezunguka mabanda usiku anashika makufuli moja moja. Ukitoboa kamshipa kadogo, ndani ya dakika chache mikono yote ya jirani imeelekea pale.

Na kazi yao siyo vita tu. Wanasafisha seli zilizokufa, wanapunguza viungio vya neva visivyohitajika mtoto anavyokua. Siyo watu wabaya hawa, naomba hilo likae kichwani kabla sijaanza kuwasema.

Kuna kitu kingine kilibadilika juzijuzi tu. Tangu miaka ya 1940, Mwingereza Peter Medawar alipoonyesha kwamba ngozi ya kupandikizwa inakaa muda mrefu zaidi bila kukataliwa ikiwekwa kwenye ubongo wa sungura, vitabu vingi vilifundisha kwamba ubongo kama hauna uhusiano na jeshi la nje. Mwaka 2015 vikundi viwili, kimoja cha Virginia kule Marekani na kingine cha Helsinki, vikaonyesha kwenye panya kwamba zile tando zinazofunika ubongo zina mirija ya limfu inayobeba maji na taarifa mpaka kwenye tezi za shingo, na baadaye ikaonekana kwa binadamu pia. Maana yake jeshi la nje linajua yanayoendelea ndani. Linapata habari kupitia njia ya nyuma, na likiamua kuja, linakuja.

Likija sasa ndo kasheshe. Maikroglia wakigundua adui wanatoa saitokaini, hizi ni kama ujumbe wa simu wa kikemikali, na huo ujumbe unafika kwenye kuta za mishipa, kuta zinaota vishikizo, seli nyeupe zinazopita na damu zinanasa, zinabingirika, zinapenya. Geti linalegea. Maji yanafuata. Boksi halitanuki. Na neva siyo kama ngozi, neva iliyokufa kwenye ubongo wa mtu mzima ni ngumu sana kupata mbadala, kwahiyo kila risasi inayokosea hapa ni hasara ya kudumu.

Turudi kwa mume wa mama yetu, maana kwake ndo mambo yanaonekana waziwazi kuliko sehemu nyingine yoyote.

Alikuwa na minyoo ya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Huku nyanda za juu kusini tunafuga nguruwe, Mbozi, Rungwe, Mbeya vijijini, Iringa, Njombe, na nguruwe wengi wanazurura kutafuta chakula, na pale wanapozurura ndo hapo vyoo havitoshi. Mzunguko uko hivi: mtu mwenye tegu tumboni anajisaidia vichakani, kinyesi kina mayai, nguruwe anakula, mayai yanaanguliwa tumboni kwa nguruwe yanasambaa kwenye nyama yake yanakuwa vifuko vyeupe vyenye maji. Wanunuzi wa nguruwe wanalijua hili vizuri sana hata kama hawajasoma. Nimeshuhudia Mbozi mzee mmoja akinunua nguruwe, vijana wamemlaza ubavu, wamembana mdomo na kijiti, mzee kaushika ulimi kwa kitambaa kauvuta nje, anaupapasa kwa chini kwa kidole gumba, taratibu, macho yake anaangalia pembeni kabisa, anasikilizia na kidole. Akagusa kitu. Akarudia. Akasema hapana, huyu anazo, akafunga hela yake kwenye leso. Vile alivyovigusa vinalingana na punje ya mchele au ya mtama iliyovimba, na nguruwe anaweza kuwa navyo mwilini vingi mno huku ulimini hakuna hata kimoja, kwahiyo ulimi msafi siyo cheti.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea, naomba msome taratibu. Ukila kitimoto isiyoiva yenye vile vifuko, hupati wadudu kichwani moja kwa moja. Unapata tegu tumboni, mnyoo mrefu wa mita kadhaa, na mara nyingi hata husikii kitu. Wadudu wa kichwani wanatokana na kumeza MAYAI, na mayai yanatoka kwenye choo cha binadamu mwenye tegu. Yaani ni mikono isiyonawa, ni mboga iliyomwagiliwa maji machafu, ni mpishi wa nyumbani au wa mgahawa mwenye tegu asiyejijua. Kwahiyo hata asiyekula nguruwe kabisa anapata. Huko New York, kwenye jamii ya Wayahudi wanaoshika dini sana, ambao nguruwe hawamgusi, watu wanne waligundulika na ugonjwa huu, ikachapishwa mwaka 1992, na uchunguzi ukaelekea kwa wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu. Waislamu wenzangu wa Mwanjelwa wanaosema haya hayatuhusu, yanatuhusu.

Yai likishamezwa linaanguliwa, kiluwiluwi kinatoboa utumbo kinaingia kwenye damu, kingine kinaishia msulini, kingine machoni, kingine kinapita geti kinakaa kwenye ubongo. Kinajenga kifuko cha maji, sentimita moja hivi, ndani yake kuna kichwa kidogo cha mnyoo kinachoonekana kwenye picha kama nukta. Halafu, kimya. Miaka miwili, mitano, wakati mwingine zaidi ya kumi. Wanajeshi wa Uingereza walioupata ugonjwa huu India zamani, wengi wao walianza kuanguka kifafa miaka kadhaa baada ya kurudi kwao, India washaisahau.

Kimya kwa nini? Kwa sababu mdudu aliye hai anajua kuishi na walinzi. Anatoa vitu vinavyowapoza, anajifunika, anafanya jeshi la mwili lisimtambue vizuri. Ukiangalia picha ya kifuko kilicho hai mara nyingi pembeni yake ubongo umetulia, hamna uvimbe.

Siku mdudu anapozeeka au anapokufa, zile kemikali za kupoza zinakata. Kifuko kinavuja. Maikroglia wanashtuka, ujumbe unatoka, geti linalegea, limfosaiti, aina ya seli nyeupe, na wenzao wanaingia, wanakizingira kile kifuko, ubongo wa pembeni unavimba, na neva zilizokerwa na huo uvimbe zinaanza kurusha umeme ovyo. Hiyo ndo kuanguka. Yule baba wa Vwawa alianguka kwenye shamba lake la kahawa, mkono wa kulia ulianza kutetemeka peke yake kwanza, akauangalia tu akashangaa, ndo akaenda chini. Wenzake walimkimbia wakidhani povu linaambukiza, akabaki na mtoto wake wa darasa la sita aliyemgeuza ubavu. Povu la kifafa haliambukizi jamani, ni mate tu, na yule mtoto ndo alifanya kitu sahihi kuliko watu wazima wote pale shambani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwenye maeneo mengi yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya watu wenye kifafa ni sababu yake. Theluthi moja, karibu. Hawa watu tumewafungia ndani, tumewapeleka kwa waganga, tumewakatisha shule, kumbe ni uvimbe-moto unaozunguka maiti ya mnyoo.

Na sasa mnaona jibu la mama linavyokuja. Tukimpa mgonjwa albendazoli, ile dawa ya minyoo, tunaua vifuko vingi kwa mpigo. Vifuko vingi vikifa kwa mpigo, jeshi linaamka kwa mpigo. Ndo maana daktari anatanguliza au anaambatanisha steroidi, yaani dawa za kundi la prednisoloni, ili askari waje wakiwa wametulizwa, wafanye usafi bila kuchoma nyumba. Hatumfungulii mdudu mlango, mdudu anauawa na albendazoli, prednisoloni iko pale kumlinda mgonjwa dhidi ya kinga yake mwenyewe. Kuna hali ambayo daktari anaona vifuko vimejaa ubongo mzima na ubongo umeshavimba vibaya, hapo anaacha kabisa kuua minyoo, anatoa steroidi peke yake na dawa ya kifafa mpaka uvimbe ushuke, na ndugu wanalalamika kwamba hatibiwi. Anatibiwa. Kuwaua wale wadudu wakati ule kungeweza kumuua yeye.

Hii pia ndo sababu siyo salama mtu akishasoma makala kama hii aende duka la dawa kununua albendazoli ajitibu "wadudu wa kichwa". Bila picha ya siti skani au MRI, bila kuangaliwa macho kwanza, maana kifuko kikiwa ndani ya jicho na ukakiua pale, uvimbe unaweza kukupofua. Na kabla ya kuanza steroidi inatakiwa mtu aangaliwe TB, ili kinga isishushwe wakati kuna adui mwingine amejificha.

Nimetaja TB, na hapo ndo picha inakuwa ngumu zaidi, maana mtu anaweza kudhani basi steroidi ni nzuri kwa kila uvimbe wa ubongo. Siyo hivyo.

Kwanza jina. Tunasema "homa ya uti wa mgongo" na watu wanashika mgongo, wakati shida iko kwenye tando zinazofunika ubongo pamoja na uti wa mgongo wote, na maji yanayopita katikati yake ni yaleyale. Ndo maana tunachoma sindano chini kiunoni kujua ya kichwani. Tunachoma chini ya pale ugwe wa neva unapoishia, kwa mtu mzima unaishia usawa wa pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, sisi tunaingia kati ya ya tatu na ya nne au chini yake, pale kuna nyuzi tu zinazoelea kwenye maji, kwahiyo ile hofu ya kwamba sindano itakata uti wa mgongo mtu apooze, naielewa, ila ndo sababu sehemu ile ilichaguliwa.

Yakifika kwangu, kitu cha kwanza naangalia kwa macho. Maji ya mtu asiye mgonjwa yanakuwa maangavu, ukiweka gazeti nyuma ya kichupa unasoma. Kwenye darubini seli nyeupe ni chini ya tano kwa kila maikrolita. Ya bakteria yanakuja yamechafuka kama maji yaliyooshewa mchele, yamejaa nyutrofili, seli zile za kwanza kukimbilia vita. Ya TB mara nyingi yana limfosaiti, protini juu, sukari chini. Na ya fangasi ya kriptokoka kwa mtu mwenye VVU ambaye kinga imeanguka kabisa, hayo ndo yananiumiza roho, maana mara nyingi yanakuja maangavu, mazuri, seli chache au hamna, unaweza kudhani mzima. Halafu unaweka tone la wino mweusi, unafunika na kioo chembamba, unazungusha lenzi, na kwenye ule weusi zinatokea duara nyeupe zinang'aa kila moja na kiini chake katikati, kama mwezi uliovaa pete. Zimejaa. Na askari hawapo.

Angalia sasa dawa ileile moja inavyofanya. TB ya ubongo: utafiti wa Vietnam uliochapishwa 2004, wagonjwa 545, waliopewa deksamethasoni, nayo ni steroidi, walikufa asilimia 31.8, wasiopewa 41.3. Inaokoa, kwa sababu kwenye TB uvimbe-moto unaziba njia za maji na mishipa ya damu. Ila utafiti mwingine wa 2023 kwa wenye VVU na TB ya ubongo haukuona faida ya wazi. Kriptokoka: utafiti wa nchi sita za Asia na Afrika, Uganda na Malawi zikiwemo, ukachapishwa 2016, ulisimamishwa kabla ya muda kwa sababu waliopewa deksamethasoni walibaki na ulemavu zaidi na fangasi walipungua polepole. Inaeleweka, pale askari walikuwa wachache tayari, ukiwapunguza unamsaidia fangasi. Homa ya uti wa mgongo ya bakteria: Ulaya ilisaidia watu wazima, utafiti uliochapishwa 2002, ikijaribiwa Malawi haikusaidia. Malaria ya ubongo: ilijaribiwa Thailand, majibu yakatoka 1982, waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu.

Kwahiyo swali la daktari kila mara ni moja: kwa mgonjwa huyu, leo, nani anaharibu zaidi, adui au askari?

Na kuna wakati jibu linabadilika katikati ya safari. Kwa mkoa kama wetu hili ni la nyumbani kabisa, utafiti wa taifa wa 2022 hadi 2023 ulikuta VVU kwa watu wazima Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Mtu anakuja na kriptokoka, kinga iko chini, mwili umenyamaza. Ukimwanzishia ARV siku hiyohiyo kinga inaanza kurudi, askari wanaamka wanakuta ubongo umejaa fangasi na mabaki ya fangasi, wanaingia kwa hasira, mtu aliyekuwa anapata nafuu anazidiwa. Uganda na Afrika Kusini walilipima hili, majibu yakatoka 2014, wagonjwa 177, walioanzishiwa ARV ndani ya wiki mbili za kwanza walikufa asilimia 45 ndani ya miezi sita, waliosubirishwa wiki tano hivi walikufa 30. Ndo maana ukimwona ndugu yako wodini ana kriptokoka na ARV hawajamwanzishia, usiende kugombana na muuguzi, kusubiri kwenyewe ni tiba. Ila aliyeko nyumbani anameza ARV zake vizuri asije akasoma hapa akaziacha, hilo ni jambo lingine kabisa.

Uti wa mgongo nitaupitia haraka, siyo kwa sababu ni mdogo, ila kanuni ni zilezile kwenye nafasi finyu zaidi. Ugwe wenyewe una unene wa kama kidole kidogo, umepita kwenye mfereji wa mfupa, na ndani yake nyaya zote za miguu, kibofu na haja kubwa zimebanana. Yule kijana wa Tunduma alikuwa na uvimbe-moto kwenye kipande kifupi tu cha ugwe, hakukuwa na mdudu yeyote, kinga yake ilikuwa imegeukia mwili wake yenyewe. Kuna aina ambayo mwili unatengeneza kingamwili dhidi ya milango ya maji iliyoko kwenye astrosaiti, inashambulia ugwe na neva za macho, na inawapata zaidi watu wenye asili ya Afrika na Asia kuliko Wazungu. Kuna ile ya skilerosisi ambayo Mfaransa Charcot aliieleza 1868, askari wanakula ile plastiki ya nyaya, yaani mafuta yanayofunika neva, hii ni nyingi Ulaya na Marekani kaskazini na ni adimu huku kwetu. Kwa hawa steroidi za mshipani zinaanzwa haraka, kila siku inayopita ina maana. Miguu ikipoteza nguvu ghafla pamoja na mkojo kukataa kutoka, siyo ya kusubiri Jumatatu, na siyo ya kuchuliwa mgongo.

Kitu cha mwisho nilichomweleza yule mama ni kuhusu kuacha. Prednisoloni ikinywewa wiki kadhaa, tezi zinazotengeneza homoni ya aina hiyo mwilini zinalala, zinajua kuna mtu anafanya kazi yao. Ukikata ghafla mwili unabaki bila kitu, na askari waliokuwa wametulizwa wanarudi wote mara moja. Kwahiyo inashushwa ngazi kwa ngazi. Nilichukua boksi tupu la glavu nikalichana, upande mweupe nikachora jua na vidonge chini yake, wiki hii vingi, wiki ijayo pungufu, kama daktari alivyoandika kwenye karatasi ambayo yeye hakuweza kuisoma.

Akalishika lile boksi akalifuata kwa kidole mpaka mwisho. "Kwahiyo hii inaua mdudu, hii inashika umeme, na hii inawatuliza askari wasimmalize mzee."

"Ndiyo mama, hivyohivyo."

Akavirudisha vidonge kwenye mfuko, paketi moja moja. Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza, "Umesema mayai yanatoka kwa mtu. Sasa kwetu yalitoka kwa nani? Chakula napika mimi."

Nikarudi ndani maabara nikamletea vikopo vya choo, vya watoto wanne, cha mzee, na cha kwake. Akavihesabu, akaviweka chini ya kitenge cha pili.